MAJANI YA MAHINDI YANAONGEA: Jinsi ya kujua shamba lako lina njaa ya nini, na mbegu ya asili inaingia wapi

Leo tuweke pembeni kidogo siasa na mpira, tuongee kilimo. Najua wengine mmeshaanza kuguna, lakini subirini kwanza. Vijana kibao siku hizi wanakodi ekari moja au mbili za mahindi huko kijijini, wanachanga vijisenti vyao, wananunua mbegu, wanalipa kibarua. Mahindi yakifika magotini yanaanza kuwa njano. Kinachofuata ni kukimbilia duka la pembejeo na kusema, "Nipe mbolea ya kukuzia." Muuzaji anatoa aliyonayo, hela inaondoka, na mahindi yanabaki vile vile njano. Kisha mtu anarudi mjini anasema kilimo hakilipi.

Mara nyingi tatizo sio kilimo. Mmea ulikuwa unaomba kitu kimoja ukapewa kingine. Ni sawa na mtu mwenye kiu kumpa chumvi.

Hii makala ni ya kutunza. Ukiweza i-print, au nakili pointi kwenye daftari uende nayo shambani. Mimi sio bwana shamba, nimekusanya na kupanga mambo ambayo wataalamu wa udongo wanakubaliana, nikayaweka kwa lugha yetu. Nimechagua mahindi kwa sababu ndiyo ugali wetu na ndiyo mmea unaoonyesha dalili wazi kuliko mingi. Ukishaweza kusoma jani la muhindi, mchicha na nyanya havitakusumbua sana.

1. MMEA UNAKULA NINI?

Mmea unapata kaboni kutoka hewani, na maji kutoka ardhini. Vingine vyote vinatoka kwenye udongo, na vimegawanyika hivi:

- Vinavyotakiwa kwa wingi: naitrojeni (N), fosforasi (P), potasiamu (K). Hizi ndizo zile namba tatu unazoziona kwenye mfuko wa mbolea.
- Vinavyotakiwa kwa kiasi: kalsiamu, magnesiamu, salfa.
- Vinavyotakiwa kidogo sana: zinki, chuma, boroni, manganisi, shaba na wenzao. Ni kidogo lakini kikikosekana kimoja mambo yanaharibika.

Kuna kanuni moja ya kushika hapa. Mjerumani Carl Sprengel aliiandika mwaka 1828, na mwenzake Justus von Liebig akaifanya ijulikane dunia nzima baada ya kitabu chake cha mwaka 1840. Inasema hivi: mavuno yanaamuliwa na kile kitu KILICHO PUNGUFU KULIKO VYOTE, sio jumla ya vyote. Chukua pipa la mbao ambalo mbao zake hazilingani urefu. Hata ukimwaga maji ya mto mzima, yatamwagikia kwenye ule ubao mfupi. Kama udongo wako umekosa fosforasi, ukaongeza yurea mifuko mitatu, umerefusha ubao ambao tayari ulikuwa mrefu. Ndiyo maana kujua ubao mfupi ni upi ni hela.

2. SWALI LA KWANZA: JANI LA CHINI AU LA JUU?

Kabla ya kuangalia rangi, angalia DALILI IMEANZIA WAPI. Hapa ndipo watu wengi wanapotelea.

Baadhi ya virutubisho vinaweza kuhama ndani ya mmea. Vikipungua, mmea unavinyang'anya kutoka kwenye majani ya zamani na kuvipeleka kwenye majani mapya. Ni kama familia yenye shida, wazee wanaacha kula ili watoto washibe. Kwa hiyo dalili zinaanzia majani ya CHINI. Hivi ni naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu.

Vingine haviwezi kuhama, au vinahama kwa taabu. Vikishajengwa kwenye jani la zamani vimekaa humo. Kikikosekana leo, jani linalozaliwa leo ndilo linaloumia. Kwa hiyo dalili zinaanzia majani ya JUU, machanga. Hivi ni kalsiamu, boroni, chuma, manganisi, na kwa kiasi kikubwa salfa na zinki.

Ukishajibu hili swali moja, umeshaondoa nusu ya washukiwa. Sasa ndio uangalie rangi.

3. DALILI MOJA MOJA

A. Zinazoanzia majani ya chini

NAITROJENI. Mmea mzima unafifia, unakuwa kijani cha kupauka. Jani la chini linaanza kuwa njano kwenye NCHA, halafu unjano unashuka kufuata uti wa katikati wa jani, kingo zikiwa bado kijani. Linatoka umbo la herufi V. Baadaye jani linakauka kabisa. Hii ndiyo njaa ya kawaida zaidi kwenye mashamba yetu.

POTASIAMU. Hii ni kinyume chake. Unjano na ukavu unaanzia ncha na kushuka kwenye KINGO za jani, kama karatasi iliyounguzwa pembeni, huku katikati pakibaki kijani. Mabua yanakuwa dhaifu na mahindi yanalala upepo ukija. Kwa hiyo kumbuka: njano katikati ni naitrojeni, njano pembeni ni potasiamu. Watu wengi wanachanganya hizi mbili na kununua mbolea isiyo yake.

FOSFORASI. Mmea unadumaa, unakuwa kijani cha giza, halafu majani yanaingia rangi ya ZAMBARAU, hasa kwenye ncha na kingo. Inaonekana zaidi mahindi yakiwa madogo. Lakini angalia, zambarau ina uongo wake, tutafika huko.

MAGNESIAMU. Michirizi ya njano au nyeupe KATI ya mishipa ya jani, mishipa yenyewe ikibaki kijani. Jani la zamani linaonekana kama kitambaa cha mistari. Likizidi, jani linaingia wekundu. Inatokea sana kwenye udongo wa kichanga na udongo wenye tindikali.

B. Zinazoanzia majani ya juu

SALFA. Inafanana na naitrojeni kwa kupauka, ila huku majani MACHANGA ndiyo yanakuwa njano zaidi, wakati mwingine na mistari. Mtu akiona njano anamwaga yurea, na yurea haina salfa hata chembe. Shamba linaendelea kupauka anabaki anashangaa.

ZINKI. Upana mweupe au wa njano iliyofifia, kama utepe, pande mbili za uti wa katikati, kuanzia karibu na shina la jani. Mmea unakuwa mfupi, pingili zimebanana. Ikizidi, majani mapya yanatoka karibu meupe.

CHUMA. Mistari ya njano na kijani kwa urefu wote wa jani changa, mishipa ikibaki kijani kabisa. Udongo wetu mwekundu una chuma tele, kwa hiyo kwenye mahindi hii sio ya kawaida sana. Ukiiona fikiria udongo wenye magadi au chokaa nyingi.

KALSIAMU NA BORONI. Majani mapya yanashindwa kufunguka vizuri, ncha zinagandana. Boroni ikikosekana gunzi linajaza vibaya, punje zinapishana mapengo. Kwa wale wa nyanya: lile doa jeusi lililozama chini ya tunda ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na mara nyingi chanzo ni kumwagilia kwa kusuasua, leo maji mengi, wiki nzima hamna. Rekebisha maji kwanza kabla hujanunua chupa ya dawa.

4. VITU VINAVYODANGANYA

Sasa hapa naomba utulivu, maana hela nyingi zinapotelea hapa. Sio kila njano ni njaa.

MAJI YAMETUAMA. Mizizi inahitaji hewa. Shamba likikaa na maji siku kadhaa mizizi inashindwa kufanya kazi na majani yanakuwa njano hata kama mbolea ipo. Dawa yake ni mfereji.

UKAME. Majani yanajikunja kama sigara mchana. Virutubisho vinaingia kwenye mizizi vikiwa ndani ya maji, kwa hiyo udongo mkavu unaleta dalili za njaa hata kwenye shamba lenye rutuba. Usimwage mbolea kwenye udongo mkavu.

BARIDI. Nyanda za juu mahindi machanga yanaweza kuwa zambarau kwa sababu ya baridi, mizizi haijapata nguvu. Jua likirudi yanarudi kijani yenyewe.

ZAMBARAU YA KUZALIWA NAYO. Hii ni muhimu kwa wanaopanda mbegu za asili. Baadhi ya mahindi ya kienyeji yana rangi ya zambarau kwenye bua na ala za majani kwa asili yake, yanarithi. Mmea wa namna hiyo haudumai, unakua kwa kasi kama kawaida. Zambarau PAMOJA na kudumaa ndiyo njaa. Zambarau kwenye mmea wenye afya ni urembo tu.

KIDUHA. Yale magugu yenye maua mazuri ya zambarau au mekundu ni mwizi. Yanajishikiza kwenye mizizi ya mahindi chini kwa chini, na uharibifu unaanza kabla hujayaona juu. Mahindi yanapauka, yanadumaa, yananyauka hata kama kuna unyevu. Kiduha hupenda udongo uliochoka. Ng'oa kabla hakijatoa mbegu, na badilisha mazao. Wanasayansi wa ICIPE huko Kenya wameonyesha kwamba kupanda desmodium katikati ya mistari ya mahindi kunakibana kiduha vizuri.

VIRUSI. Ugonjwa wa milia unaleta vidoa na michirizi myembamba myeupe au njano iliyokatika katika, inayofuata mishipa. Halafu kuna ule ugonjwa hatari wa mahindi uliogunduliwa Bomet, Kenya, mwaka 2011 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata: majani yanakuwa na michirizi njano, yanakauka kutoka kingo kuingia ndani, na moyo wa mmea unakufa. Virusi havitibiwi na mbolea. Ng'oa mimea yenye dalili, na msimu unaofuata panda zao jingine ambalo sio mahindi.

DAWA YA MAGUGU. Kama jirani amepuliza na upepo ulikuwa wa kuja kwako, angalia mistari ya mpakani. Uharibifu ukiwa mkubwa upande mmoja na kupungua ukienda ndani, hiyo sio njaa.

Kanuni rahisi: njaa huwa inashika ENEO, mimea mingi jirani inafanana. Ukiona mmea mmoja mgonjwa umezungukwa na mizima, fikiria ugonjwa au mdudu kwanza. Halafu chimba mmea mmoja uangalie mizizi. Mizizi mifupi, minene, iliyojikunja ni dalili ya udongo wenye tindikali kali. Mizizi iliyooza ni maji. Mizizi iliyoliwa ni mdudu.

5. MBEGU YA ASILI INAINGIA WAPI?

Tuelewane kwanza. Mahindi yenyewe kwa asili sio ya Afrika, yalitoka Mexico na yakafika kwetu baada ya Wareno kuanza kupita pwani zetu miaka ya 1500. Nafaka zilizozaliwa Afrika ni mtama, uwele na ulezi. Lakini baada ya vizazi na vizazi vya bibi zetu kuchagua magunzi na kuyatundika juu ya moshi wa jikoni, yamekuwa mahindi ya kwetu. Hiyo ndiyo mbegu ya asili: haikutolewa na kampuni, ilichujwa na wakulima wenyewe mahali pale pale, kwa jua lile na udongo ule.

UZURI WAKE. Kwanza, mimea haifanani. Ndani ya shamba moja kuna mrefu, mfupi, wa mapema, wa kuchelewa. Mvua ikikatika katikati, sio yote yanayokamatwa yakiwa kwenye mbelewele. Pili, mengi yana punje ngumu na maganda yanayofunika gunzi hadi ncha, kwa hiyo fukusi wanapata shida kuanzia shambani. Tatu, unaweza kutunza mbegu yako mwenyewe msimu hadi msimu bila kununua.

UBAYA WAKE. Tusidanganyane, hapa kwenye mitandao kuna wanaopigia debe mbegu ya asili kama dini. Kwenye udongo wenye rutuba na mvua nzuri, chotara inazaa zaidi. Mbegu ya asili ukiilisha naitrojeni nyingi inarefuka, inatoa majani, halafu inaanguka. Haikuchaguliwa kwa ajili ya kula mbolea nyingi.

Na kuna uongo mmoja lazima tuuue leo: kwamba mbegu ya asili HAIHITAJI MBOLEA. Kila tani moja ya punje, yaani magunia kumi ya kilo 100, inaondoka shambani na kama kilo 15 za naitrojeni na kama kilo 3 za fosforasi. Haijalishi punje ni za chotara au za babu. Ukivuna miaka kumi bila kurudisha kitu, udongo unaisha. Zamani babu zetu walihama na kuacha shamba lipumzike miaka. Leo utahamia wapi?

Kwa hiyo jinsi ya kuchagua: kama una mtaji wa mbolea na mvua ya uhakika, chotara ni dili. Kama mtaji ni mdogo na mvua ni ya kubahatisha, mbegu ya asili na mbolea ya kiasi, pamoja na samadi, ina hatari ndogo. Katikati kuna mbegu zilizoboreshwa ambazo sio chotara, kama Staha kwa Tanzania na Katumani kwa Kenya, ambazo unaweza kurudia kupanda.

6. TIBA NA HESABU ZAKE

Ukishajua ubao mfupi, ujue mfuko gani una nini. Hesabu hizi ni za mfuko wa kilo 50:

- YUREA (46% N): kilo 23 za naitrojeni. Hamna kingine.
- CAN (27% N, mingine 26%): kama kilo 13 na nusu za naitrojeni, na kalsiamu kidogo.
- SA (21% N, 24% salfa): kilo 10 na nusu za naitrojeni na kilo 12 za salfa. Ikitumika miaka mingi inaongeza tindikali ya udongo.
- DAP (18-46-0): kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Ya kupandia.
- NPK 17-17-17: kilo 8 na nusu za kila kimoja.
- MINJINGU: fosfeti ya hapa hapa Tanzania, kutoka Minjingu mkoani Manyara. Ile ya mawe yaliyosagwa inafanya kazi vizuri kwenye udongo wenye tindikali, kwa sababu tindikali ndiyo inayoiyeyusha.

USILINGANISHE BEI YA MFUKO, linganisha bei ya kilo ya chakula. Kwa mfano tu, tuseme yurea ni sh. 70,000, CAN ni sh. 60,000 na SA ni sh. 50,000. Gawa: yurea 70,000 kwa 23 ni kama sh. 3,040 kwa kilo ya naitrojeni. CAN 60,000 kwa 13.5 ni kama sh. 4,440. SA 50,000 kwa 10.5 ni kama sh. 4,760. Mfuko ulioonekana rahisi ndio ghali kuliko yote! Lakini kama shamba lako limekosa salfa, SA inalipa, maana yurea haitakusaidia. Weka bei za dukani kwako kwenye hesabu hiyo hiyo.

KIASI. Ukipanda sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ekari moja inabeba kama mimea 18,000. Kifuniko cha soda kilichosawazishwa kinabeba kama gramu 5 za mbolea. Kwa hiyo kifuniko kimoja kila mmea ni kama kilo 90 kwa ekari, karibu mifuko miwili. Nusu kifuniko ni karibu mfuko mmoja. Sasa huna haja ya kukisia kwa kiganja.

NAMNA YA KUWEKA. Mbolea ya fosforasi iweke WAKATI WA KUPANDA, chini ya mbegu au pembeni, isigusane na mbegu. Fosforasi haitembei kwenye udongo, ukisubiri mpaka zambarau ionekane magotini umechelewa kwa msimu huo. Naitrojeni ya kukuzia iweke mahindi yakikaribia magotini, na kama ni nyingi igawe mara mbili, ya pili kabla ya mbelewele. Weka kama sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye bua, udongo ukiwa na unyevu, na uyurea UFUKIE. Yurea iliyoachwa juu, sehemu yake inageuka hewa na kuondoka. Ile harufu kali unayoisikia ni hela yako inapaa.

SAMADI. Iwe imeoza. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mimea. Na usichanganye na udongo maranda ya mbao au mabua makavu kwa wingi muda mfupi kabla ya kupanda, kwa sababu wadudu wadogo wanaoyaozesha wananyang'anya naitrojeni ya udongo na mahindi yako yanakuwa njano. Ajabu lakini ndivyo ilivyo.

MAJIVU. Yana potasiamu na kalsiamu, na yanapunguza tindikali. Naitrojeni hamna, ilishaondoka na moshi. Usiyachanganye na yurea wala SA, yanaifukuza naitrojeni hewani.

MIKUNDE. Mbaazi, kunde na maharage yana vinundu kwenye mizizi, na humo mna bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewa. Ng'oa mmea mmoja, pasua kinundu: kikiwa chekundu au waridi ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani hamna kitu. Mbaazi katikati ya mahindi ni mbolea ya bure, ukiacha majani yake yaanguke na mabaki yabaki shambani.

TINDIKALI. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5 fosforasi inafungwa na chuma na aluminiamu, mmea hauipati hata ukiiweka. Hapo unahitaji chokaa ya kilimo kwanza. Lakini usizidishe, chokaa nyingi inaifungia zinki.

7. KIPIMO CHA MTU ASIYE NA HELA

Njia bora ni kupima udongo. Tanzania kuna kituo cha TARI Mlingano mkoani Tanga na maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro. Kenya kuna KALRO pale Kabete. Chukua udongo sehemu 15 hadi 20 za shamba kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi, toa kama nusu kilo, kausha kivulini. USITUMIE mfuko uliokuwa na mbolea, majibu yatakuwa ya uongo.

Kama hela ya maabara hamna, uliza shamba lenyewe. Pima vipande vinne vya mita 5 kwa 5 sehemu zinazofanana:

Kipande 1: hamna mbolea.
Kipande 2: naitrojeni tu.
Kipande 3: naitrojeni na fosforasi.
Kipande 4: naitrojeni, fosforasi na potasiamu.

Vingine vyote viwe sawa, mbegu ile ile, siku ile ile, palizi ile ile. Mwisho wa msimu pima punje za kila kipande. Kama cha 3 kimeshinda cha 2 kwa mbali, fosforasi ndiyo ubao mfupi. Kama cha 4 hakikuongeza kitu juu ya cha 3, usinunue potasiamu mwaka ujao. Gharama ni mbolea ya kiganja na daftari, na jibu ni la shamba LAKO, sio la kwenye kipeperushi.

8. KUTUNZA MBEGU YA ASILI

- Chagua mahindi yakiwa bado SHAMBANI, sio ghalani. Ghalani unaona gunzi kubwa tu, hujui lilikuwa na nafasi peke yake au jirani na choo cha ng'ombe. Funga uzi kwenye mimea mizima, iliyozaa vizuri ikiwa imezungukwa na wenzake.
- Chagua katikati ya shamba. Mahindi yanachavushwa na upepo, mpakani yanaoana na ya jirani. Kama jirani ana chotara, pishaneni angalau mita 200, au pishaneni wiki tatu nne za kupanda.
- Chukua magunzi mengi, 100 ikiwezekana. Ukitumia manne matano kila mwaka ukoo unadhoofika.
- Usirudie mbegu ya chotara ukadhani umeokoa hela. Watoto wake hawafanani na mama na mavuno yanashuka.
- Kujua kama imekauka: weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kuta, bado ina maji.
- Kabla ya msimu hesabu punje 100, ziviringishe kwenye kitambaa kibichi kwa siku 5 hadi 7. Zikiota 85 kwenda juu panda. Zikiota 60, ongeza mbegu au tafuta nyingine.

9. KWA HARAKA HARAKA

Njano ya V, jani la chini: naitrojeni.
Kingo zimeungua, jani la chini: potasiamu.
Zambarau na kudumaa: fosforasi.
Mistari, jani la chini: magnesiamu.
Njano, jani la juu: salfa.
Utepe mweupe karibu na uti, jani la juu: zinki.
Mmea mmoja mmoja: mdudu au ugonjwa.
Bonde tu: maji.

Mwisho wa yote, kabla hujatoa hela dukani jiulize maswali matatu: dalili imeanzia jani gani? Imeshika eneo au mmea mmoja? Mizizi inasemaje? Ukiwa na majibu hayo hata muuzaji atakuheshimu, na ukimwendea bwana shamba mtaongea lugha moja. Nenda na jani la chini na jani la juu mkononi, usiende na maneno matupu.

Wenye uzoefu, hasa wa Kigoma, Rukwa, Kitale na huko Ruvuma, mwagikeni hapo chini. Mbegu gani ya kienyeji bado ipo kwenu, jina lake nani, na udongo wenu una njaa ya nini? Tuandike kabla wazee hawajaondoka nayo.

Naomba kuwasilisha.